Jani la Mpera: Dawa ya Tumbo Kabla ya Kuwa Dawa ya Kila Kitu

Katika miti ya matunda inayostawi nchi za joto, sijui mwingine ambao majani yake yamebebeshwa magonjwa mengi kama mpera. Ukifuatilia yanayosemwa, utaambiwa kwamba majani hayo yanatibu kuharisha, kisukari, shinikizo la damu, kikohozi, homa, vidonda, fizi zinazotoka damu, maumivu ya hedhi, upungufu wa nguvu za kiume, kukatika kwa nywele na hata saratani. Wanaokutana na orodha ya namna hiyo ama huimeza nzima nzima, ama huitupilia mbali pamoja na kila kilichomo, na nionavyo mimi makundi yote mawili yanaudhulumu mti huu. Jani la mpera lina kazi moja ambayo linaifanya vizuri, nayo ni kutuliza tumbo linaloendesha. Lina nyingine mbili tatu ambazo linazifanya kwa kiasi. Na zilizobaki ni sifa za kupachikwa. Katika makala haya nitakaa zaidi kwenye ile kazi ya kwanza, kwa sababu ndiyo ninayoitumia mwenyewe na ndiyo yenye maelezo ya kuridhisha, kisha nitazigusa nyingine kadiri zinavyostahili.

Mpera, ambao wanabotania huuita Psidium guajava, jina walilolipokea kutoka kwa Carl Linnaeus mwaka 1753, ni wa ukoo mmoja na mkarafuu, mkaratusi na mzambarau. Undugu huo unaonekana kwa macho. Ukichukua jani la mpera ukaliinua kulielekeza kwenye jua, utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga; hivyo ni vifuko vya mafuta, ambavyo miti ya ukoo huu inavyo, na ndivyo vinavyotoa ile harufu kali unapolifikicha jani kwa vidole. Majani huota mawili mawili yakikabiliana, na mishipa yake imedidimia upande wa juu na kutokeza upande wa chini, kiasi kwamba mtu anaweza kulitambua jani hilo gizani kwa kulipapasa tu. Vijiti vichanga vina pembe nne badala ya kuwa mviringo, na chini ya majani ambayo ndiyo kwanza yanachanua kuna manyoya laini ambayo hupungua jani linapokomaa. Gome la shina ni jembamba na laini, nalo hubanduka vipande vipande na kuacha mabaka ya kijani na kahawia. Mti wenyewe hauwi mkubwa. Mara nyingi huishia kati ya mita 3 na 10, na hii ni sababu mojawapo iliyoufanya kuwa mti wa dawa unaofikiwa na kila mtu, kwa maana hata mtoto anaweza kuchuma majani ya matawi ya chini bila kupanda.

Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Mwandishi Mhispania Gonzalo Fernández de Oviedo alikwisha kutoa habari zake mwaka 1526, na baadaye Wahispania waliufikisha Ufilipino kwa njia ya Bahari ya Pasifiki, nao Wareno wakauingiza India. Kutoka hapo mti haukuhitaji msaada mkubwa wa binadamu, kwa kuwa mbegu zake hupita salama tumboni mwa ndege, popo, ng'ombe na nguruwe, na huota popote zinapodondoka. Katika visiwa vya Galápagos na Hawaii umeenea mno hadi kuhesabiwa kuwa mmea vamizi unaoisonga mimea ya asili.

Kinachonivutia katika safari hiyo ni kwamba kila mti ulipofika, matumizi ya majani yake kwa ajili ya tumbo yalikuwepo au yalitokea. Utayakuta Meksiko, utayakuta katika visiwa vya Karibiani, Brazil, Afrika Magharibi, Afrika Mashariki, India na Asia ya Kusini-Mashariki, kwa watu ambao hawana lugha wala dini wala chakula kinachowaunganisha. Inawezekana ujuzi ulisafiri pamoja na mbegu, na inawezekana pia kwamba watu waliugundua kila mmoja kwa wakati wake. Makubaliano ya namna hiyo hayatoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa kwa karne nyingi watu wa mabara mbalimbali walikubaliana pia kwamba kumtoa mgonjwa damu ni tiba ya homa. Lakini pale ambapo mamilioni ya watu wamejaribu kitu kimoja kwa ugonjwa mmoja ambao matokeo yake huonekana ndani ya siku moja au mbili, mimi huona kwamba wanastahili kusikilizwa kwanza kabla ya kubishiwa. Mtu anayeharisha hujua upesi kama dawa imemfaa. Mwenye saratani au shinikizo la damu hana njia ya kulijua hilo kwa hisia zake, na ndiyo maana huwa sitii uzito uleule kwenye madai ya aina hii ya pili.

Wanaotumia majani haya kwa mazoea huchagua machanga, yale ya kwenye ncha za vijiti, ambayo bado ni laini na yana rangi ya kijani inayoelekea manjano au wekundu kidogo. Uchaguzi huo umeingia hata katika kanuni za serikali: mamlaka ya Brazil inayosimamia dawa, katika orodha yake ya mwaka 2010 ya mimea ya dawa, ilitaja majani machanga ya mpera kwa kuharisha kusikotokana na maambukizo, kwa kipimo cha gramu 2 katika mililita 150 za maji ya moto, ikaelekeza mtu anywe mililita 30 kila baada ya kwenda haja, yasizidi mara 10 kwa siku, na ikaonya kwamba dawa hiyo isitumiwe mfululizo. Napenda kipimo hiki kwa sababu ni kidogo. Wengi wetu tunapoamua kutumia mti shamba hujaza sufuria majani kwa dhana kwamba kisicho cha dukani hakina kiasi cha kuzidi, halafu tunashangaa mgonjwa anapokaa siku tatu bila kupata choo.

Utengenezaji wenyewe ni rahisi, ila una mambo ya kuangalia. Majani huoshwa vizuri kwa maji yanayotiririka, upande wa chini hasa, kwa sababu mishipa iliyotokeza hushika vumbi na mayai ya wadudu, na mti uliopuliziwa dawa ya kuua wadudu hauguswi kabisa. Yakikatwakatwa na kutiwa katika maji yanayochemka, majani hupoteza ukijani wake karibu papo hapo na kuwa na rangi iliyofifia, kisha maji huanza kugeuka manjano, na kadiri dakika zinavyokwenda hupata wekundu wa kahawia kama chai ya rangi. Mvuke wake una harufu ya majani makavu na kwa mbali kitu kinachokaribia ndimu. Anayetaka mafuta yale ya kunukia yabaki afunike sufuria, kwa kuwa huruka na mvuke. Jambo jingine ni chombo: mchemsho wa majani ya mpera ukiachwa katika chungu cha chuma kisichopakwa kitu hugeuka weusi wenye usamawati, kwa sababu tanini iliyomo, yaani kemikali ya mimea inayoleta ukakasi, hushikana na madini ya chuma. Weusi huo umetumika tangu zamani kutia vitambaa rangi, lakini kwa kinywaji ni bora kutumia chungu cha udongo au sufuria ya chuma kisichoshika kutu.

Ukionja, ladha inayotangulia ni ukakasi kuliko uchungu. Ulimi hukauka, mashavu hujivuta kwa ndani, na mate huwa mazito. Hisia hiyo ni tanini zikishikana na protini za mate, na jambo hilohilo hutendeka chini zaidi, katika ngozi laini ya utumbo: tanini hushikana na protini za juu, hukaza utando huo, na kupunguza maji yanayovuja kutoka mwilini kuingia katika choo. Ngozi za wanyama hulainishwa na kuhifadhiwa kwa kani hiyohiyo, na gome la mpera, ambalo lina tanini nyingi kuliko majani, limewahi kutumiwa na watengeneza ngozi huko Amerika ya Kati. Kwa sababu hiyo mchemsho wa gome au mizizi, ambao baadhi ya watu huusifu kwamba una nguvu zaidi, siupendekezi kwa matumizi ya nyumbani. Ni kweli una nguvu, ila ni nguvu ambayo utumbo uliokwisha kuchubuka hauihitaji.

Tanini peke yake zisingetosha kuueleza umaarufu wa jani hili, kwa maana zimo katika mimea mingi ambayo hakuna anayeisifu kwa tumbo. Kilicho cha pekee ni kundi la kemikali zinazoitwa flavonoidi, hasa kwesetini na jamaa zake, ambazo jani la mpera linazo kwa wingi. Misuli laini inayozunguka utumbo husukuma chakula kwa kujikaza na kujilegeza, na mtu anapopata ugonjwa wa kuharisha misuli hiyo hujikaza kwa nguvu na bila mpangilio. Huo ndio msokoto anaouhisi, na ndio unaomfanya akimbie chooni hata pale ambapo hakuna tena cha kutoa. Mwaka 1989 mtafiti Lutterodt alieleza, kutokana na majaribio ya maabara, kwamba kwesetini inazuia utumbo kutoa asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuiamuru misuli ijikaze. Mwaka 1994 watafiti wengine walionyesha kwamba kwesetini huzuia pia kazi ya kalsiamu, ambayo bila hiyo msuli hauwezi kujikaza hata ukiamriwa. Kwa maneno mengine, jani linafanya kazi mahali pawili katika mnyororo mmoja, penye amri na penye utekelezaji.

Meksiko, ambako jani hili lina historia ndefu katika tiba za jadi, watafiti walikwenda hatua zaidi. Walitengeneza vidonge vya majani ya mpera vyenye kiasi kilichopimwa cha flavonoidi, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 waliwapa watu wazima waliokuwa wakiharisha, miligramu 500 kila baada ya saa 8 kwa siku 3, huku mgonjwa wala daktari hajui nani amepewa dawa halisi. Matokeo yalikuwa kwamba muda wa maumivu ya tumbo ulipungua. Naomba tuyasome matokeo hayo kama yalivyo. Kilichopungua ni muda wa maumivu, yaani ule msokoto, jambo ambalo linakubaliana kabisa na maelezo ya misuli niliyoyatoa. Si mara moja nimeona utafiti huu ukitajwa kana kwamba ulithibitisha kuwa majani ya mpera yanaua kila kiini cha ugonjwa wa kuharisha, na sivyo ulivyosema.

Kuhusu viini vya ugonjwa, kazi ninayoiona kuwa ya maana zaidi ilifanyika Mumbai, India, na kuchapishwa mwaka 2010. Watafiti hao waliuliza swali pana: mchemsho wa majani unaua bakteria tu, au unaingilia pia ule ufundi ambao bakteria huutumia kumfanya mtu aharishe? Waligundua kwamba ulidhoofisha bakteria wa kipindupindu na wa kuhara damu aina ya Shigella flexneri, ukapunguza utengenezaji wa sumu ya kipindupindu na sumu nyingine inayofanana nayo, ukazizuia sumu hizo zisinate mahali zinaponata, na ukazuia baadhi ya bakteria wasishike wala wasiingie ndani ya seli. Sumu nyingine ya bakteria, ile isiyoharibiwa na joto, haikuguswa kabisa. Halafu wakaijaribu kwesetini peke yake, nayo ikashindwa kufanya sehemu kubwa ya hayo. Hapo nilipata jibu la swali ambalo watu hupenda kuliuliza kwa kejeli, kwamba kama kuna dawa ndani ya jani, kwa nini isitolewe ikawekwa katika kidonge tukaachana na majani. Katika jani hili kazi inaonekana kugawanywa kati ya vitu kadhaa, na ukitoa kimoja ukakiita dawa umeacha vingine kwenye mabaki.

Pamoja na sifa hizo zote, mchemsho wa majani ya mpera hauokoi maisha ya mtu anayeharisha sana, na hili ni lazima lisemwe bila kupindapinda. Anayekufa kwa kuharisha mara nyingi huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini, wala si na msokoto wa tumbo. Kikombe kidogo cha mchemsho hakirudishi lita zilizotoka, na hakina sodiamu na glukosi kwa uwiano unaowezesha utumbo kuyanyonya maji. Pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, kwa mchanganyiko ambao Shirika la Afya Duniani linaupendekeza, ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi za potasiamu na sitreti, zote katika lita moja ya maji safi. Pasipo na pakiti, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, husaidia mpaka pakiti ipatikane. Mtoto anayeharisha hupewa pia zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa hajatimiza miezi 6. Nafasi ya jani la mpera ni pembeni ya hayo, kwa mtu mzima ambaye tumbo linamkata na kumnyima usingizi. Sijawahi kuona sababu ya kumpa mtoto mchanga.

Kuna hali ambazo jani halifai hata kwa mtu mzima. Choo kikiwa na damu, au kuharisha kukiandamana na homa kali, mwili unajaribu kutoa kitu kinachoudhuru, na kuituliza misuli ya utumbo kunaweza kukifungia ndani. Madaktari hukataa kutoa vidonge vya kufunga tumbo katika hali hiyo kwa sababu iyo hiyo, na mti shamba haupati msamaha kwa kuwa umetoka bustanini. Macho yaliyoingia ndani, mdomo mkavu, mkojo uliopungua na kuwa mweusi, au ngozi ya tumbo ambayo ukiifinya inachelewa kurudi mahali pake, zote ni dalili za kumpeleka mgonjwa kituo cha afya bila kungoja maji yachemke.

Baada ya tumbo, kazi ambayo naiona ina msingi ni ile ya kusafisha vidonda na kinywa. Wizara ya Afya ya Ufilipino imeuweka mpera katika orodha yake ya mimea 10 ya dawa inayoihimiza, na matumizi yanayotajwa ni kuosha vidonda na kusukutua kinywa chenye fizi zilizovimba. Hapa tena ukakasi ndio unaofanya kazi: tanini hukaza ngozi iliyochubuka, hupunguza kutoka kwa damu kidogo kidogo, na hufanya mahali hapo pasiwe pazuri kwa bakteria. Majaribio ya maabara yameonyesha pia kwamba flavonoidi mojawapo ya jani hili hupunguza uwezo wa bakteria wanaoozesha meno kujishikiza juu ya jino. Wapo wanaotafuna jani changa moja kwa moja, na wengine husukutua kwa mchemsho uliopoa. Mimi huona kusukutua ni kwa heshima zaidi, kwa kuwa anayetafuna hubaki na vipande vya kijani katikati ya meno mchana kutwa. Kwa kidonda kirefu, kilichoingia uchafu au kilichotokana na kuumwa na mnyama, maji ya majani hayachukui nafasi ya sindano ya pepopunda wala ya daktari.

Maumivu ya hedhi nayo yana habari njema kidogo, na ukifikiri si ajabu, kwa sababu mfuko wa uzazi pia ni misuli laini inayojikaza. Katika utafiti uliofanyika Meksiko na kuchapishwa mwaka 2007, wanawake 197 wenye maumivu ya hedhi yasiyotokana na ugonjwa mwingine waligawanywa katika makundi manne: mawili kati ya makundi hayo yalipewa dondoo la majani ya mpera kwa vipimo tofauti, kundi moja ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, na la mwisho kidonge kisicho na dawa. Kipimo kikubwa cha dondoo, chenye miligramu 6 za flavonoli, ambazo ni aina ya flavonoidi, kwa siku, kilipunguza maumivu. Kile kidogo cha miligramu 3 hakikuwa na matokeo ya kutegemewa. Ni lazima niongeze kwamba dondoo lile lilikuwa limepimwa maabara, na hakuna kijiko cha jikoni kinachoweza kukuambia umekunywa miligramu ngapi za flavonoli katika kikombe chako.

Suala la sukari ya damu lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli mwembamba kuliko wanavyoutangaza wauzaji wa unga wa majani. Vitu vilivyomo katika jani huzuia kwa sehemu vimeng'enya vinavyovunja wanga na sukari ya mezani kuwa glukosi, na kwa hiyo sukari hupanda polepole zaidi baada ya mlo. Japani ilikubali mwaka 2000 kwamba chai ya majani ya mpera iuzwe ikiwa na maelezo ya kiafya kuhusu sukari baada ya kula, chini ya mpango wa serikali wa vyakula vyenye manufaa maalumu. Maana yake ni kwamba chai hiyo hunywewa pamoja na chakula, na kazi yake ni juu ya chakula hicho tu. Ukinywa asubuhi tumbo likiwa tupu, halafu ukala sahani ya wanga saa sita mchana, hujafanya kitu. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge au insulini asiiongeze bila daktari wake kujua, kwa kuwa sukari ikishuka kupita kiasi huua upesi kuliko ikipanda. Nimesikia watu wakiacha insulini kwa sababu ya majani haya, na sina neno la upole la kuwaambia wanaowashauri hivyo.

Yaliyobaki katika ile orodha ndefu nitayapita haraka. Kikohozi hupata nafuu kwa kinywaji cha moto cha aina yoyote. Nywele hazioti kwa sababu ya maji ya majani, ingawa ukakasi wake unaweza kupunguza mafuta ya kichwani na kuzifanya zionekane nyingi. Saratani imejaribiwa katika vyombo vya maabara, ambako kemikali nyingi sana huua seli, zikiwemo zile ambazo hakuna anayefikiria kuzinywa. Nguvu za kiume sizijadili.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi linahusu wenye upungufu wa damu. Tanini zinaposhikana na madini ya chuma tumboni, kama zinavyofanya katika chungu cha chuma, madini hayo hushindwa kunyonywa. Anayemeza vidonge vya kuongeza damu, akiwemo mama mjamzito, asivimeze kwa mchemsho wa majani ya mpera wala karibu na kikombe chake. Apishanishe kwa saa kadhaa. Kwa sababu hiyo pia kunywa mchemsho huu kila siku mwaka mzima, kama kinywaji cha kujenga afya, ni tabia nisiyoiunga mkono hata kwa mtu mzima asiye na ugonjwa.

Tunda nalo lina sehemu yake katika tiba, japo watu hulisahau wanapolisifu jani. Pera bichi lina tanini nyingi na hufunga choo, na ndilo ambalo baadhi ya watu hulitumia kwa tumbo linaloendesha. Pera lililoiva hufanya kinyume chake, kwa kuwa tanini zimepungua na nyuzinyuzi zimebaki, gramu 5 hivi katika kila gramu 100. Kwa vitamini C halina mpinzani wa karibu katika matunda ya kawaida: gramu 100 za pera zina miligramu 228 hivi, wakati chungwa lina miligramu 53 kwa uzito huohuo, na sehemu kubwa ya vitamini hiyo imo katika ganda na nyama iliyo karibu na ganda, kwa hiyo anayelimenya hujinyima. Kuhusu mbegu, watoto wengi wametishwa kwamba zikimezwa huenda kukaa katika kidole tumbo na kulazimisha upasuaji. Kidole tumbo huvimba mara nyingi kwa sababu ya choo kilichoganda au tezi zilizovimba na kuziba njia yake, na mbegu za matunda hukutwa humo mara chache sana. Mwenye meno mabovu anayesumbuliwa na ugumu wa mbegu hizo anaweza kulisaga pera lililoiva kwa maji na kulichuja, ingawa kwa kufanya hivyo atapoteza sehemu ya nyuzinyuzi ambazo zingemsaidia kupata choo laini.